Kitambi cha mmoja, gharama ya wengi: Nani alipe?

UKISIMAMA karibu na kituo cha Kencom katikati ya jiji la Nairobi saa saba mchana, utawaona wafanyakazi wa afisi wakimiminika barabarani kutafuta chakula. Wengi huishia kwenye mikahawa ya chipsi na kuku wa kukaangwa, na kuteremshia kwa soda baridi. Jioni, hao hao hupanda matatu namba 46 kuelekea Kawangware, au magari yao kuelekea Lavington na Westlands, wakaketi katika msongamano kwa muda mrefu na kushuka karibu kabisa na mlango wa nyumba.

Hakuna anayewakataza. Tumbo ni lao na pesa ni zao. Lakini je, msomaji, miaka 15 baadaye mmoja wao akipatwa na kisukari, kiharusi au ugonjwa wa figo, ni nani atakayelipa hospitali?

Ukidhani ni yeye peke yake, umekosea. Utalipa wewe pia.

Tatizo hili si la mabwanyenye tu kama ilivyodhaniwa zamani. Utafiti wa kitaifa kuhusu afya na idadi ya watu wa mwaka 2008-09 ulionyesha kwamba robo ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliopita kiasi. Kufikia utafiti wa mwaka 2014 walikuwa wamefika thuluthi moja, na hapa Nairobi karibu nusu.

Mzigo unavyogawanywa

Tuchukue mfano wa mgonjwa ambaye figo zake zimeharibika. Kisukari na shinikizo la damu ni miongoni mwa sababu kuu za maradhi hayo, na unene huongeza hatari ya yote mawili. Mgonjwa huyu huhitaji kusafishwa damu kwa mashine kila wiki.

Hazina ya NHIF, kabla ya kuvunjwa, ilikuwa ikilipia mara mbili kwa wiki, kila mara shilingi 9,500. Piga hesabu: kwa mwaka mzima hizo ni shilingi 988,000 kwa mgonjwa mmoja.

Tangu Oktoba 1, 2024, bima mpya ya afya ya jamii, SHIF, imechukua nafasi ya NHIF. Mfanyakazi aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake. Anayepata shilingi 50,000 kwa mwezi hukatwa shilingi 1,375, yaani 16,500 kwa mwaka. Kwa hivyo, gharama ya mgonjwa yule ingemeza michango ya mwaka mzima ya wafanyakazi wapatao 60. Na kama wachangiaji ni wachuuzi wanaolipa kiwango cha chini cha shilingi 300 kwa mwezi, wangehitajika zaidi ya 270.

Hapo hatujahesabu nauli ya kwenda hospitali, dawa ambazo bima haikuzilipia, siku ambazo mgonjwa hakwenda kazini, wala binti aliyeacha biashara ili amuuguze mamake. Hatujahesabu pia michango ya harambee ambayo kila Mkenya mwenye simu ameombwa aitume. Kitambi ni cha mmoja, lakini gharama huwafikia wengi.

Je, mnene aadhibiwe?

Wapo wanaosema dawa ni rahisi: anayekula ovyo alipie bima zaidi, na anayefanya mazoezi apunguziwe. Mchuma janga hula na wa kwao, wanasema, basi safari hii na ale peke yake.

Hoja hii ina mvuto, hasa kwa kijana anayekimbia kila asubuhi katika bustani ya Arboretum na ambaye hajaugua siku moja. Hata hivyo, ina kasoro kubwa.

Kwanza, unene hautokani na ulafi peke yake. Watu wengine huurithi kwa wazazi. Wengine hunenepa kwa sababu ya dawa wanazotumia au kwa kukosa usingizi. Tena wako watu wembamba wenye kisukari, na wanene wasio nacho. Ukitumia mizani kama hakimu, utawahukumu wasio na hatia na kuwaachilia wenye makosa.

Pili, uchaguzi wa mtu hutegemea kilicho karibu naye. Mkazi wa Kawangware anayerudi nyumbani saa mbili usiku, chumba kimoja na mafuta ya taa ya kupima, atachemsha maharagwe kwa saa tatu au atanunua chipsi na soseji njiani? Na ukimwambia atembee, atatembelea wapi? Barabara ya Nairobi Expressway ya kilomita 27, inayoishia Westlands, ilikamilika mwaka 2022 kwa ajili ya magari. Mtembea kwa miguu katika mitaa mingi ya magharibi ya jiji bado hubanwa kati ya bodaboda, vibanda na matope.

Tatu, aadhibiwaye hujificha. Mtu akijua kwamba kupimwa kutamwongezea malipo, hatapimwa. Atakuja hospitalini akiwa hoi, na gharama itakuwa kubwa kuliko ile tuliyotaka kuikwepa.

Mfano wa sigara

Basi tumwachilie kila mtu, na bima ilipe tu? La hasha. Kuna mtu ambaye hatujamtaja: yule anayepata faida. Katika biashara ya chakula na vinywaji visivyofaa, faida hubaki kiwandani na dukani, nayo hasara hupelekwa wodini.

Kenya imewahi kulikabili jambo la namna hii katika tumbaku. Kanuni za mwaka 2014 za kudhibiti tumbaku ziliwataka watengenezaji na waagizaji kulipa kila mwaka asilimia 2 ya thamani ya bidhaa zao katika hazina ya kupambana na madhara ya tumbaku. Kampuni ya British American Tobacco Kenya ilizipinga kanuni hizo mahakamani, ikakata rufaa hadi Mahakama ya Juu. Novemba 2019, mahakama hiyo iliitupilia mbali rufaa hiyo.

Bila shaka chakula si sigara. Hakuna aishiye bila kula, na mama anayekaanga viazi kando ya Barabara ya Naivasha ili asomeshe watoto hawezi kulinganishwa na kampuni kubwa. Lakini soda si chakula cha lazima. Chupa ya nusu lita ya soda ya kola ina takriban gramu 53 za sukari, karibu vijiko 13 vya chai. Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri mtu mzima asizidishe kama gramu 50 kwa siku nzima.

Maji na soda

Sasa tazama sheria yetu. Sheria ya ushuru wa bidhaa ya mwaka 2015 iliweka maji ya chupa na soda katika kundi moja, kila lita shilingi 5. Anayekata kiu kwa maji na anayejaza sukari tumboni walitozwa sawasawa!

Wenzetu wamepita njia nyingine. Mexico ilianza kutoza peso moja kwa kila lita ya kinywaji chenye sukari Januari 2014, na ununuzi wa vinywaji hivyo ukapungua. Afrika Kusini na Uingereza zilianza ushuru wao Aprili 2018, zote zikiangalia kiasi cha sukari. Huko Uingereza, viwanda vingi vilipunguza sukari hata kabla ya siku ya kuanza kufika, ili visitozwe. Hayo ndiyo manufaa yenyewe: mnywaji anapona bila kuhubiriwa.

Wapinzani husema ushuru humwumiza maskini. Ni kweli kwamba shilingi moja ni nzito kwake kuliko kwa tajiri. Lakini kisukari pia ni kizito kwake zaidi, maana tajiri ana pa kukimbilia. Jambo la haki ni kwamba fedha hizo zisipotelee katika Hazina Kuu pamoja na kodi nyinginezo. Zitengwe kwa jambo linaloonekana: njia salama za miguu, maji safi shuleni, na vipimo vya sukari na presha bila malipo katika vituo vya afya kama vile Riruta na Kangemi. Hapo maskini atarudishiwa chake.

Sehemu yako

Hayo yote hayakuondolei wewe wajibu. Serikali haitakushikia kijiko. Yafuatayo yamo katika uwezo wako:

• Pima kiuno chako kwa utepe wa fundi cherehani. Mwanamume akizidi sentimita 94, na mwanamke sentimita 80, ni onyo.

• Pimwa presha na sukari angalau mara moja kwa mwaka, hata kama hujisikii mgonjwa.

• Shuka matatu vituo viwili kabla ya kwako, ikiwa njia ni salama. WHO hushauri angalau dakika 150 za mazoezi kwa wiki, na kutembea kwa kasi kumo.

• Kunywa maji badala ya soda. Githeri, sukuma wiki na matunda ya sokoni bado ni bei nafuu kuliko dawa.

• Acha kumsifu mtu kwa kunenepa au kumcheka kwa kukonda. Miaka ya 1990, aliyekonda alishukiwa kuwa na Ukimwi, na hofu hiyo imewafanya wengi waone kitambi kuwa dalili ya afya njema.

Kwa ufupi, mgonjwa asiongezewe deni juu ya maradhi yake. Kila mtu na alipe kwa kadiri ya sehemu yake: mla kwa juhudi, jirani kwa mchango wa bima, kaunti kwa kutengeneza njia, na muuza sukari kwa ushuru. Kwa sasa wa mwisho ndiye anayelipa kidogo kuliko wote. Kinga ni bora kuliko tiba, na haifai bei ya kinga iachiwe mgonjwa peke yake.