Barafu za Mlangoni na Ujirani wa Ng'ambo ya Kisiwa

Makanisa, shule na vikosi vya wazimamoto wa kujitolea nchini Marekani vilizoea, hasa katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, kuwaalika wakazi wa mtaa kula aiskrimu pamoja kwa malipo madogo, ili fedha zitakazopatikana zisaidie jambo la wote, na watu waliokuwa wakipishana njiani tu wapate kukaa na kuzungumza. Katika sehemu za Mombasa zilizo ng'ambo ya kisiwa, kama Likoni, Kisauni na Changamwe, hafla ya namna hiyo haikuota mizizi, ila kazi yake ya kuwakutanisha majirani hutendeka jioni baada ya jioni mbele ya nyumba zinazouza barafu, yaani maji matamu ya ukwaju, mabuyu au maziwa yaliyogandishwa katika vifuko vidogo.

Chanzo cha mikusanyiko ya Marekani kilikuwa katika hali ya aiskrimu yenyewe. Kabla ya umeme kufika majumbani, barafu ilikatwa kwenye mito na mabwawa yaliyoganda wakati wa baridi, ikafukiwa katika unga wa mbao ndani ya maghala mpaka kiangazi, na mwaka 1843 Nancy Johnson wa Philadelphia alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, ya mashine ya aiskrimu iliyozungushwa kwa mkono. Chombo chenye maziwa na sukari kilikaa ndani ya ndoo iliyojaa barafu na chumvi, kwa kuwa chumvi huifanya barafu iyeyuke ikiwa bado chini ya nyuzi sifuri, na barafu inapoyeyuka hunyonya joto la maziwa mpaka yagande. Kuzungusha mpini kulimchosha mtu mmoja, na kilichopatikana hakikuweza kuwekwa mpaka kesho kwa urahisi. Kwa hiyo palihitajika watu wa kupokezana kazi, na wengi zaidi wa kula papo hapo.

Pwani ya Afrika Mashariki haina mito inayoganda, lakini imekuwa na desturi ya kuwapa watu sharbati wanapokusanyika katika harusi na katika maulidi, yaani visomo vya kuadhimisha kuzaliwa kwa Mtume Muhammad. Umeme na friza vilipoingia majumbani, mazoea ya kinywaji kitamu cha wote yalipata umbo jipya, na kwa vile ng'ombe wa maziwa wa Kenya hufugwa zaidi katika nyanda za juu, kilichogandishwa Pwani kilikuwa hasa kile kinachomea Pwani.

Ukwaju hurowekwa katika maji ya vuguvugu, hufikichwa kwa mkono mpaka nyama yake iachane na kokwa, huchujwa, hutiwa sukari na pengine tangawizi au iliki, kisha humiminwa vifukoni, vikafungwa fundo na kulazwa kwenye friza usiku kucha. Mlaji hung'ata pembe moja ya kifuko na kufyonza, na baada ya muda mfupi rangi na utamu huwa vimekwisha, kikabaki kipande cheupe kisicho na ladha. Sababu ni kwamba maji yanapoganda huitenga sukari, ambayo hubaki katika majimaji mazito baina ya chembe za barafu, na majimaji hayo ndiyo yanayotangulia kutoka. Ndiyo maana mtoto mzoefu huibana barafu yake viganjani ilegee kidogo, ili utamu na ubaridi vimfikie pamoja.

Katika miezi ya kaskazi, yaani upepo wa kaskazini-mashariki unaovuma kuanzia Desemba hadi Machi, joto la mchana la Mombasa hupita nyuzi 30, na barafu iliyonunuliwa haifiki mbali. Mnunuzi hulazimika kuila hapo hapo, na pa kukaa pako tayari, yaani baraza, kikalio kilichojengwa nje kando ya mlango. Watoto hufika baada ya alasiri wakitoka chuoni, yaani madrasa. Wasichana hutumwa na mama zao, wakakawia. Nao akina mama wanaowafuata huulizana habari za mgonjwa, za karo na za chama, yaani kikundi cha kuchangiana fedha kwa zamu.

Uzito wa mikutano hii ya barazani huonekana zaidi mahali kama Changamwe, palipokua kwa ajira za reli, bandari ya Kilindini na kiwanda cha kusafisha mafuta, ambapo Waswahili, Wamijikenda na wahamiaji kutoka bara huishi ukuta kwa ukuta pasipo ukoo wala dini moja ya kuwaunganisha. Mlo humbagua mgeni kwa mwiko au kwa gharama, ilhali barafu ya ukwaju haina dini inayoikataa, na bei yake ni ya shilingi chache. Ramadhani nayo huongeza ujirani huo, kwa kuwa asiye na friza hufuata barafu ya kufuturia kwa aliye nayo.

Desturi hii ina matatizo yake, kwani umeme ukikatika kwa saa nyingi mtaji wote huyeyuka, na marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza kutumika Kenya tarehe 28 Agosti 2017 iligusa pia vifuko vya kutilia barafu. Marufuku hiyo ni ya haki, maana plastiki huziba mitaro na kuishia baharini, na vikombe vya kurudishwa na kuoshwa, vikitumika badala ya vifuko, vina faida ya ziada, kwa sababu humweka mlaji barazani mpaka amalize.

Kwa upande wa kuchangisha fedha, harambee, yaani kuchangia pamoja jambo la wote, ambayo kiongozi wa Kenya Jomo Kenyatta aliifanya wito wa taifa mwaka 1963, mara nyingi hukusanya michango kwa kutangaza majina na viwango, na mwenye kidogo huona haya kusimama. Barafu haimtahayarishi mtu, kwa kuwa kila mmoja hununua kitu kile kile kwa bei ile ile. Chuo kinachohitaji mikeka, kanisa linalotaka viti au vijana wanaotafuta makoleo ya kuzibulia mitaro wanaweza kupatana na wenye friza wa mtaa wao, wakateua jioni moja, na faida ya jioni hiyo ikaingia katika mfuko wa wote. Fedha hazitakuwa nyingi, lakini haba na haba hujaza kibaba, na waliochanga watakuwa wamekaa pamoja na kujuana, jambo ambalo mtaa huhitaji kabla ya mradi wowote.