Fahamu Namna ya Kupakua Nyaraka za Mtandaoni na Kuzihifadhi Kwenye Kompyuta

Na Mwandishi Wetu, Lushoto

Kikundi cha wanawake, vijana au watu wenye ulemavu katika Kata ya Vuga, Halmashauri ya Wilaya ya Bumbuli, kinapoomba mkopo unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, hutakiwa kuwa na nyaraka zake mkononi: katiba, cheti cha usajili, mihtasari ya vikao, orodha ya wanachama na taarifa za akaunti ya benki. Zamani nyaraka hizo zilikaa katika jalada moja nyumbani kwa katibu. Siku hizi vikundi vingi huzipiga picha kwa simu na kuzihifadhi mtandaoni, katika huduma kama Google Drive, OneDrive au Dropbox.

Utaratibu huo una manufaa yake. Simu ikipotea au nyumba ikivuja wakati wa masika, nyaraka hubaki salama. Hata hivyo, upo upande wa pili ambao wananchi wengi hawaufahamu: nyaraka iliyoko mtandaoni tu inaweza isipatikane siku inapohitajika, na pengine isipatikane tena kabisa. Makala haya yanaeleza sababu za hali hiyo, kisha yanaonesha hatua kwa hatua namna mwananchi anavyoweza kupakua mafaili yake na kuyaweka kwenye kompyuta.

Hifadhi ya mtandaoni ni nini

Huduma hizi huitwa kwa jina la hifadhi ya “wingu”, lakini faili halielei angani. Limo ndani ya kompyuta kubwa za kampuni inayotoa huduma, mara nyingi katika nchi ya mbali, na humfikia mtumiaji kwa njia ya nyaya za baharini, mkongo wa nchi kavu na hatimaye mnara wa simu ulio karibu naye. Kupakua faili ni kuagiza nakala ya faili hilo isafiri katika njia yote hiyo na kutua kwenye diski ya kompyuta yako. Baada ya hapo unaweza kulifungua bila intaneti, bila bando na bila kumwomba mtu ruhusa.

Njia hiyo ni ndefu na hukatika. Tarehe 12 Mei, 2024 hitilafu katika nyaya za baharini za EASSy na Seacom ilidhoofisha intaneti katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo. Katika siku hizo, mwenye nakala kwenye kompyuta aliendelea na kazi. Asiyekuwa nayo alisubiri. Kwa wakazi wa milima ya Usambara, ambako kilima kimoja hupata mtandao mzuri na bonde la jirani likawa na mtandao hafifu, funzo hilo halihitaji kungoja waya ukatike baharini.

Kwa nini nyaraka hupotea

Sababu ya kwanza ni akaunti kutotumika. Mwezi Mei 2023 kampuni ya Google ilitangaza kwamba akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka 2 inaweza kufutwa pamoja na barua, picha na mafaili yaliyomo, na utekelezaji ukaanza Desemba mwaka huo. Kikundi kilichofungua akaunti kwa ajili ya ombi moja la mkopo na kisha kikaisahau kimo katika hatari hiyo.

Sababu ya pili ni nafasi kujaa. Google hutoa gigabaiti 15 bila malipo, na nafasi hiyo ni ya pamoja kwa barua pepe, picha na mafaili. OneDrive hutoa gigabaiti 5 na Dropbox gigabaiti 2. Picha za harusi zikijaza nafasi, muhtasari wa kikao kipya hauwezi tena kuingia, na hata barua pepe huacha kupokelewa.

Sababu ya tatu ni umiliki. Faili ulilotumiwa kwa kiungo si lako. Ni la aliyeliweka. Katibu akihama kijiji, akabadili namba ya simu na kusahau nywila, au akilifuta faili kwa bahati mbaya, wanachama wote waliokuwa wakilisoma kwa kiungo hulikosa kwa pamoja. Nakala iliyopakuliwa haiathiriwi na jambo hilo.

Maandalizi kabla ya kupakua

Jambo la kwanza ni kujua ukubwa wa kinachopakuliwa. Picha moja ya simu ya kisasa huwa na wastani wa megabaiti 2 hadi 5, hivyo katiba ya kurasa 10 iliyopigwa picha inaweza kufika megabaiti 50. Video ya mkutano hupimwa kwa gigabaiti.

Jambo la pili ni kasi. Kampuni za simu hutaja kasi kwa megabiti, wakati ukubwa wa faili hutajwa kwa megabaiti, na baiti moja ni sawa na biti 8. Kwa hesabu hiyo, gigabaiti 1 ni megabiti 8,000. Kwa mtandao wa megabiti 2 kwa sekunde, itachukua sekunde 4,000, yaani zaidi ya saa moja. Kwa megabiti 10 kwa sekunde, itachukua takribani dakika 13. Anayefahamu hesabu hii hatashangaa kazi ikichelewa, na atahakikisha bando lake linatosha kabla ya kuanza.

Jambo la tatu ni nafasi kwenye kompyuta. Mafaili mengi yanapopakuliwa kwa pamoja hufika yakiwa yamefungwa katika kifurushi kimoja cha zip. Ili kukifungua, kompyuta huhitaji nafasi ya kifurushi chenyewe na nafasi ya mafaili yatakayotoka ndani yake. Kwa hiyo, gigabaiti 3 za kupakua zinahitaji angalau gigabaiti 6 zilizo wazi.

Hatua za kupakua

Fungua kivinjari cha kompyuta na uingie katika akaunti yako. Huduma ya Google inaweza kuwekwa katika lugha ya Kiswahili kupitia mipangilio ya akaunti, na hapo maneno yote utakayoyaona yatakuwa katika lugha unayoielewa.

Tafuta faili au folda unayoihitaji, bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu yake, kisha chagua “Pakua”. Faili moja huanza kushuka mara moja. Folda hufungashwa kwanza, kazi inayoweza kuchukua dakika kadhaa. Usifunge ukurasa kabla haijaisha. Folda kubwa hugawanywa katika vifurushi zaidi ya kimoja, na ni lazima upakue vyote, kwani kila kimoja kina sehemu tu ya mafaili.

Kilichopakuliwa kwa kawaida huingia katika folda ya vipakuliwa. Bofya kifurushi kwa kitufe cha kulia na uamuru mafaili yote yatolewe. Hatua hii isirukwe. Faili lililofunguliwa likiwa bado ndani ya kifurushi husomeka, lakini mabadiliko utakayoyaandika humo yanaweza yasihifadhiwe. Endapo kompyuta ya Windows italalamika kwamba jina la faili ni refu mno, hamishia kifurushi karibu na mwanzo wa diski, katika folda yenye jina fupi, kisha ujaribu tena.

Mwenye kutaka kuchukua kila kilichomo katika akaunti ya Google, zikiwemo barua pepe na picha, atumie huduma ya Google Takeout. Huduma hiyo huandaa vifurushi na kumtumia mwenye akaunti barua pepe vinapokuwa tayari. Viungo vyake hudumu kwa siku chache tu, hivyo ni vyema kuomba wakati ambapo una uhakika wa mtandao na muda.

Mtandao ukikatika katikati, usianze upya papo hapo. Fungua orodha ya vipakuliwa ya kivinjari na ujaribu kuendelea pale ulipoishia. Ikishindikana mara kwa mara, pakua folda ndogo ndogo badala ya folda kubwa moja. Kazi itakuwa na hatua nyingi zaidi, lakini kila hatua iliyokamilika haitarudiwa.

Tofauti kati ya nakala na mafaili yaliyounganishwa

Hapa ndipo wengi hupotezea nyaraka zao. Programu za OneDrive na Google Drive zinapowekwa kwenye kompyuta huonesha mafaili ya mtandaoni kana kwamba yamo ndani ya kompyuta hiyo. Mara nyingi kinachoonekana ni jina tu. Katika OneDrive, alama ya wingu pembeni ya faili humaanisha kwamba faili bado liko mtandaoni. Alama ya kijani humaanisha kwamba nakala imefika. Vivyo hivyo, hati iliyoandikwa katika programu ya Google ikionekana kwenye folda iliyounganishwa huwa ni kiungo tu. Ili kupata nakala halisi, ifungue hati hiyo na uipakue kama faili la Word au PDF.

Aidha, folda iliyounganishwa hufuata kila unachokifanya. Ukifuta faili kwenye kompyuta ili kupata nafasi, linafutwa na mtandaoni pia. Google Drive hulitunza faili lililofutwa kwenye pipa la taka kwa siku 30, kisha huliondoa moja kwa moja. Kwa sababu hiyo, nakala ya akiba inapaswa kukaa katika folda ya kawaida iliyo nje ya programu hizo.

Kuhakiki kabla ya kufuta

Usifute chochote mtandaoni kabla ya kuhakiki. Linganisha idadi ya mafaili na ukubwa wa folda zote mbili. Fungua mafaili machache ya mwanzo, ya kati na ya mwisho. Kisha zima intaneti na ujaribu kuyafungua tena. Yakifunguka, nakala ni yako kweli.

Baada ya hapo nakili mafaili hayo kwenye flashi au diski ya nje. Ikumbukwe kwamba flashi nyingi za zamani zimeumbizwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja lenye ukubwa wa gigabaiti 4 au zaidi, hata kama nafasi ipo. Flashi ya namna hiyo iumbizwe kwa mfumo wa exFAT, baada ya kuondoa vilivyomo, kwani kuumbiza hufuta kila kitu.

Wataalamu wa utunzaji wa kumbukumbu hupendekeza kanuni nyepesi: nakala 3, katika aina 2 za vifaa, na nakala 1 ikae mahali pengine. Kwa kikundi cha Vuga, hiyo inaweza kuwa nakala moja mtandaoni, moja kwenye kompyuta, na flashi moja kwa mweka hazina anayeishi kitongoji kingine.

Historia ya Vuga yenyewe inathibitisha kanuni hiyo. Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi kinachosimulia watawala wa Usambara ambao makao yao makuu yalikuwa Vuga, kilichapwa kwa sehemu katika misheni ya Magila kati ya mwaka 1895 na 1907. Mwaka 1962 kilichapwa upya Nairobi na kuwafikia wasomaji wa kizazi kingine. Hilo liliwezekana kwa sababu nakala zake hazikukaa mahali pamoja.

Tahadhari za kisheria na usalama

Orodha ya wanachama yenye majina, namba za simu na namba za vitambulisho ni taarifa binafsi, na inalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Anayepakua orodha hiyo kwenye kompyuta ya kukodi anapaswa kuihamishia kwenye flashi yake, kuifuta kwenye folda ya vipakuliwa na kwenye pipa la taka, kisha kutoka kwenye akaunti. Kivinjari kikiuliza kama kihifadhi nywila, jibu liwe hapana.

Watumishi wa umma wazingatie kwamba nyaraka za ofisi hazipaswi kuwekwa katika akaunti binafsi. Zitunzwe katika mifumo rasmi ya Serikali, kwa kufuata miongozo ya Mamlaka ya Serikali Mtandao.

Wananchi wajihadhari pia na jumbe zinazodai kwamba “akaunti yako imejaa” au “itafutwa leo” na kumtaka mtu abofye kiungo au ataje nywila. Ukipata ujumbe wa namna hiyo, usibofye. Fungua mwenyewe ukurasa wa huduma husika na uangalie hali ya akaunti yako. Ujumbe mfupi wa kitapeli uliopokelewa kwa simu utumwe kwenda namba 15040, iliyowekwa kwa ajili ya kuripoti utapeli wa mtandao.

Viongozi wa vikundi, vyama vya ushirika na kamati za shule wanashauriwa kupanga siku moja katika kila robo mwaka, sambamba na ratiba ya vikao vyao, kwa ajili ya kuingia kwenye akaunti, kupakua nyaraka mpya na kuhakiki za zamani. Angalau watu wawili wafahamu namna ya kuingia katika akaunti ya kikundi, na jambo hilo liandikwe katika muhtasari. Kazi hiyo haimalizi nusu siku, na ombi la mkopo litakapotangazwa, kikundi kitakuwa na nyaraka zake zote tayari, mtandao uwepo au usiwepo.