Chembe cha moyo si moyo

Maumivu ya tumbo ya muda mrefu yana shahidi mmoja tu, naye ni mgonjwa. Mara nyingi homa haipo na picha hutoka safi. Basi mkimbizi wa Kongo au Burundi anayeishi Buffalo, katika jimbo la New York, aweza kurudi kliniki tena na tena, akitoka kila mara na omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni, na jibu lile lile: msongo wa mawazo.

Jibu hilo limewahi kuwapotosha matabibu wa dunia nzima. Kwa miaka mingi vidonda vya tumbo vilihesabiwa kuwa matokeo ya wasiwasi na asidi, hadi mwaka 1982, Barry Marshall na Robin Warren wa Perth, Australia, walipofaulu kuotesha bakteria aitwaye Helikobakta pilori kutoka matumboni mwa wagonjwa. Hawakusadikiwa. Mwaka 1984 Marshall aliwanywa bakteria hao, na siku chache baadaye tumbo lake likavimba kwa ndani. Tuzo ya Nobel ilikuja mwaka 2005. Bakteria huyo huenea sana Afrika, mtu humpata utotoni, na kipimo cha kinyesi au pumzi humfichua. Anayemeza omeprazoli huhitaji kuiacha wiki mbili kabla ya kupimwa, kwa maelekezo ya daktari. La sivyo kipimo chaweza kusema hayumo ilhali yumo.

Lililo zito zaidi ni mnyoo aitwaye strongiloidi, aingiaye kwa nyayo zilizokanyaga udongo bila viatu. Huzaana ndani ya mwili na kudumu miongo. Wakimbizi wengi wa Afrika waliohamia Marekani walipewa ivermektini, dawa ya minyoo, kabla ya kupanda ndege. Wakongo kwa kawaida hawakupewa, maana kwao kuna mnyoo mwingine, Loa loa, na mwenye minyoo hiyo kwa wingi aweza kudhurika ubongo kwa dawa hiyo. Hivyo Mkongo aliyeishi miaka kumi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, aweza kuwa alifika Marekani na strongiloidi wake. Akiandikiwa steroidi, tuseme kwa ajili ya pumu, mnyoo huyo huweza kusambaa mwilini na kuua. Daktari asiyeuliza mgonjwa alikulia wapi hawezi kulijua hilo.

Lugha nayo huficha ugonjwa. Anayesema chembe cha moyo chamuuma anaonyesha pale chini ya kifua, juu ya kitovu; mkalimani asiye makini hutafsiri moyo, na mgonjwa hupelekwa kupimwa moyo. Chango ni utumbo, ni mnyoo, tena ni maumivu ya hedhi. Mkongo husema "tumbo inaniuma", na tumbo hilo laweza kuwa popote kuanzia mbavuni hadi kinenani. Kidole kikiwekwa panapouma, huku mgonjwa akitaja mwaka maumivu yalipoanza, kambi alizopitia, kilo alizopungua, na kama choo ni cheusi au kina damu, daktari hupata mahali pa kuanzia.

Mtoto wa shule hafai kumtafsiria mama yake mambo ya choo na hedhi. Sheria ya afya ya Marekani ya mwaka 2010 inazitaka hospitali zipokeazo fedha za serikali kuu zimpe mgonjwa mkalimani aliyehitimu, bila malipo. Mkalimani huyo aombwe siku ile ile ya kuweka miadi.