Majuu nako ukilala, fungu la mtaa wako linahamia mtaa wa pili!

KAKA yangu, mtoto wa mama mkubwa, yuko Marekani mwaka wa sita sasa. Jina la mji wake naliweka kapuni, nisije nikamkosesha usingizi ambao tayari hana. Jamaa anapiga zamu ya usiku kwenye bohari la mizigo. Anarudi nyumbani asubuhi wakati wenzake wanaamka, anakunywa chai, analala. Ndiyo majuu hayo tunayoyaota tukiwa kijiweni.

Siku moja akanipigia, sauti imemkauka. "Mdogo wangu, kituo cha watoto kimefungwa."

Kituo chenyewe kilikuwa chumba kimoja tu kwenye jengo la mtaa. Watoto wakitoka shule wanakaa pale hadi saa kumi na mbili jioni, wanafanya hesabu zao, wanapewa juisi na biskuti, wazazi wakitoka kazini wanawapitia. Bure kabisa. Kilipofungwa, binti yake wa miaka minane akaanza kuvaa ufunguo shingoni. Anatoka shule, anajifungulia mlango, anajifungia ndani, anamsubiri mama yake. Baba anakuwa keshatoka kwenda kazini. Shemeji anafanya usafi hotelini na hafiki nyumbani kabla ya saa moja usiku.

Nikamwambia, "Pole kaka, hela za serikali zimeisha nini?"

"Hazijaisha. Wamepewa wengine."

"Sasa kwani hawakuwaambia mapema?"

Akanyamaza. Halafu akasema taratibu, "Kulikuwa na karatasi pale mlangoni pa chumba cha kufulia nguo. Ilikaa mwezi mzima. Mimi nilidhani ni tangazo la kupuliza dawa ya mende."

Msomaji wangu, nilicheka, lakini baadaye nikajiona mjinga. Maana hata mimi huku sijawahi kusimama nikasoma karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa ofisi ya mtaa. Basi wiki hii tuweke kando mambo ya mitindo na mapenzi, tuufuate huo mshiko toka Washington mpaka kwenye kile chumba kimoja cha watoto. Tuone ulipotelea wapi.

Ilianzia kwa Mzee Ford

Hela hizo wenyewe wanaziita CDBG, yaani ruzuku ya maendeleo ya jamii. Sheria yake ilitiwa saini na Rais Gerald Ford tarehe 22 Agosti 1974. Mzee hata wiki mbili alikuwa hajamaliza Ikulu, kwani Richard Nixon alijiuzulu tarehe 9 mwezi huohuo.

Kabla ya hapo kulikuwa na mafungu mengi madogo madogo. Kubomoa mitaa chakavu na kujenga upya kuna fungu lake, maji na maji taka lake, kila moja na fomu zake na mabwana wakubwa wake Washington. Mji ukitaka bustani unaomba huku, ukitaka bomba unaomba kule. Sheria ya 1974 ikayakusanya yakawa fungu moja, mji ukaambiwa: haya, chukueni, jipangieni wenyewe, ila masharti ni haya.

Hapo ndipo utamu na kasheshe vilipoanzia. Washington ndiyo inayotoa, lakini anayekata keki ni baraza la mji.

Umaskini unalipa

Sasa mji unapataje hela? Haupeleki barua ya kulialia. Kuna hesabu. Mji wenye watu 50,000 au zaidi kwa kawaida unapata fungu lake moja kwa moja kutoka Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji, ile inayoitwa HUD. Vijiji na miji midogo inapitia kwenye serikali za majimbo yao. Katika kila dola 100 zinazogawiwa kwa hesabu hiyo, dola 70 zinakwenda kwa miji na wilaya kubwa, dola 30 kwa majimbo.

Mizani yenyewe ni miwili. Wa kwanza unaangalia wingi wa watu, umaskini, na msongamano wa watu kwenye nyumba. Hapo umaskini peke yake unabeba nusu ya uzito. Wa pili uliongezwa mwaka 1977 kwa ajili ya miji iliyochakaa. Unaangalia umaskini, idadi ya watu iliyodorora, na nyumba zilizojengwa kabla ya 1940. Nyumba hizo kuukuu ndizo zenye nusu ya uzito. Mji unapimwa kote kuwili, halafu unachukua palipo panono.

Umeona mchezo? Kaka yangu na shemeji, kwa kipato chao kidogo na ghorofa lao linalovuja, ndio wanaouongezea mji alama. Wakihesabiwa kwenye sensa, mshiko wa mji unapanda. Wakijificha chini ya kitanda siku ya kuhesabiwa, unashuka. Umaskini wao ndio mtaji wa mji.

Lakini hela zikishaingia mjini, hakuna hesabu inayosema ziende mtaa gani. Hapo ni maneno, karatasi na kura.

Mlango mwembamba

Tuchukue mfano, tuseme mji umepata dola milioni 2. Usidhani diwani anaweza kuamka na kuzitumia anavyotaka. Sheria inasema angalau asilimia 70 ya matumizi lazima iwanufaishe watu wa kipato cha chini na cha kati, yaani wale ambao mapato yao hayazidi asilimia 80 ya kipato cha katikati cha eneo lao. Hela hizo hazijengi ofisi ya meya wala hazinunui fulana za kampeni.

Gharama za ofisi na mipango haziruhusiwi kuzidi asilimia 20. Kwenye mfano wetu hiyo ni dola 400,000. Sehemu kubwa inayobaki inakwenda kwenye vitu vya kushikika: njia za waenda kwa miguu, mabomba, ukarabati wa nyumba za wazee, majengo ya jamii, mikopo ya biashara ndogo.

Na huduma za watu je? Kulea watoto, chakula cha wazee, masomo ya Kiingereza, mafunzo ya kazi, malazi ya wasio na makao? Hizo zote kwa pamoja kikomo chake kwa kawaida ni asilimia 15. Dola 300,000 kwenye mfano wetu, si zaidi, hata kama mji mzima unalia.

Huo ndio mlango mwembamba. Kikundi cha watoto kinasukumana na kikundi cha wazee, cha wazee kinasukumana na cha waliotoka jela, na wote ni watu wa haki wenye shida ya kweli. Hakuna fisadi pale wa kumnyooshea kidole. Kituo cha binti wa kaka yangu hakikuibiwa hela, kilizidiwa kete na wenzake. Anayejua kujaza fomu, anayeleta mahesabu safi, anayefika na watu wake kikaoni, ndiye anayepita kwanza.

Na njia za waenda kwa miguu zina ujanja wake. Kwa kawaida, mtaa ukiwa na wakazi asilimia 51 wa kipato cha chini na cha kati, kazi yoyote inayowafaa wakazi wote wa pale inahesabiwa kuwa imewafaa maskini. Kwa hiyo unaweza kuona bustani nzuri inapandwa, taa zinawekwa, miaka miwili mbele kodi za nyumba zinapaa na wale asilimia 51 wanafungasha virago. Kwenye ripoti yote yako sawa.

Waswahili wa Portland

Tuangalie mji mmoja wa kweli. Portland, jimbo la Maine, kaskazini-mashariki kabisa, baridi ya kugandisha masharubu. Sensa ya 2020 iliukuta na watu zaidi ya 68,000, kwa hiyo unapata fungu lake moja kwa moja kutoka Washington. Na Waswahili wapo! Watu waliotoka Kongo, Burundi na Rwanda wamejaa pale, Kiswahili na Kilingala utavisikia kwenye basi. Kiangazi cha mwaka 2019 waliingia waomba hifadhi wengi kwa mkupuo, wengi wao kutoka Kongo na Angola, mpaka mji ukageuza uwanja wake wa ndani wa michezo, Expo, kuwa mahali pa kulala watu zaidi ya 400.

Portland hawamwachii ofisa mmoja kazi ya kukata keki. Wana kamati ya wananchi wa kawaida wanaosoma maombi ya vikundi, wanayapa alama, wanatoa mapendekezo. Baraza la mji ndilo linalopiga kura ya mwisho, na mwaka mpya wa fedha unaanza Julai 1. Maana yake mtu ambaye si mwanasiasa, jirani yako tu wa ghorofa ya pili, anaweza kuwa ndiye anayepima kama kituo cha watoto kina umuhimu kuliko jiko la wazee.

Na sheria inamtambua hata asiyejua Kiingereza. Kila mji unaopewa hela hizo lazima uandike mpango wa kushirikisha wananchi, na ndani yake ueleze utawasaidiaje wasioongea Kiingereza kwenye vikao ambavyo wanatarajiwa kufika kwa wingi. Lazima kuwe na angalau vikao viwili vya wazi kwa mwaka. Rasimu ya mpango lazima ikae wazi siku zisizopungua 30 watu watoe maoni. Maoni yakikataliwa, mji unatakiwa uandike umekataa kwa nini. Ukiandika malalamiko kwa barua unatakiwa ujibiwe kwa maandishi, na inapowezekana iwe ndani ya siku 15 za kazi.

Siku 30! Ile karatasi ya chumba cha kufulia, braza aliyodhani ni ya mende, ilikuwa ndiyo mlango wenyewe. Uliachwa wazi mwezi mzima, yeye anapita na kapu la nguo.

Keki yenyewe inatikisika

Wengine watasema hela zenyewe ni za kudumu, mwaka huu ukikosa utapata mwakani. Thubutu! Mwaka 2017 serikali ya Rais Donald Trump ilipendekeza fungu lote lifutwe. Kelele zikapigwa nchi nzima, hasa ilipojulikana kwamba baadhi ya miji inalitumia kuwapelekea wazee chakula majumbani. Bunge halikufuta. Tena kwenye bajeti ya 2018 likaongeza, kutoka karibu dola bilioni 3 hadi bilioni 3.3 kwa nchi nzima. Mwaka 2025 pendekezo la kulifuta likarudi tena.

Kwa hiyo vikundi vinagombea kipande cha keki ambayo yenyewe kila baada ya muda kuna mtu anataka kuiondoa mezani.

Braza akafika kikaoni

Mwaka uliofuata kaka hakulala. Aliomba ruhusa kazini, akakatwa mshahara wa usiku mmoja. Wakaenda wazazi sita, shemeji akiwa na nguo za kazi bado. Mkalimani aliletwa kwa sababu walimwomba mapema, kwa simu.

Kila mtu alipewa dakika mbili. Kaka ananiambia alikuwa ameandaa hotuba ndefu kuhusu haki, utu na Biblia. Alipofika kwenye kipaza sauti ikamtoka yote. Akaishia kuutoa ule ufunguo mfukoni, wenye kamba nyekundu, akasema huu anauvaa mtoto wa miaka minane, asanteni. Akaenda kukaa. Dakika moja na nusu alizibakiza.

Nikamuuliza kama walipata.

"Tumepata nusu nusu, mdogo wangu. Wazee wa chakula nao walikuja wengi, na walikuwa na haki. Mama mmoja alikuja na fimbo yake ya kutembelea, mimi mwenyewe nilimpigia makofi."

Kituo kimefunguliwa tena, siku tatu kwa wiki badala ya tano. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa binti anakaa na wenzake mpaka jioni. Jumanne na Alhamisi ufunguo unarudi shingoni.

Kaka sasa anasoma kila karatasi inayobandikwa kwenye lile jengo, hata za mende kweli. Kikao kijacho keshakiandika kwenye kalenda ya ukutani kwa wino mwekundu, na ameanza kuwachangisha wazazi nauli ya basi. Safari hii anataka wafike ishirini.

Nawe msomaji mwenye dada au kaka huko, ukipigiwa simu usiulize viatu tu. Muulize, kikao cha mgao wa mtaa wenu ni lini? Na kabla hajakurudishia swali, pita ofisi ya mtaa wako ukasome mlangoni.

Tukutane wiki ijayo.