Kwa Nini Picha za Setilaiti Hukatika Kenya na Uganda

Kila mwaka ifikapo mwezi Machi, na tena mwezi Septemba, wenye televisheni za setilaiti katika nchi jirani za Kenya na Uganda hupatwa na jambo la kushangaza. Mchana, jua likiwaka na anga halina wingu, picha huganda, huvunjika vipande vipande, kisha hutoweka. Baada ya dakika chache hurejea kana kwamba hapakuwa na lolote. Siku ya pili hali ni ile ile, karibu saa ile ile. Wengi humwita fundi; naye fundi asiye mwaminifu hakosi kifaa cha kuwauzia.

Ukweli ni kwamba hakuna kilichoharibika. Setilaiti za televisheni zimewekwa juu ya Ikweta, umbali wa kilomita zipatazo 36,000, zikizunguka sambamba na dunia hata huonekana zimesimama mahali pamoja. Mojawapo ya vituo vyao kipo nyuzi 36 mashariki, karibu juu kabisa ya Bonde la Ufa la Kenya. Karibu na tarehe 20 Machi na 23 Septemba jua nalo hupita juu ya Ikweta. Kwa siku kadhaa, mnamo saa sita na nusu mchana, jua huwa nyuma ya setilaiti hiyo, na dishi linaloielekea setilaiti hulielekea jua pia. Jua hutoa mawimbi ya redio yasiyo na mpangilio, nayo huifunika setilaiti kama ngoma inavyomfunika mtu anayenong'ona. Mwenye kutazama vipimo vya kisimbuzi huenda akaona nguvu ya mawimbi ipo pale pale, au hata imepanda, lakini ubora umeanguka. Dar es Salaam, iliyo kusini ya Ikweta, siku hizo huchelewa kidogo mwezi Machi na kuwahi kidogo mwezi Septemba.

Mvua ina mwenendo mwingine. Mawimbi yanayopokewa na madishi ya nyumbani yana urefu wa sentimeta mbili na nusu hivi, na tone nene la mvua lina milimita kadhaa. Kwa hiyo matone huyafyonza na kuyatawanya. Kituo cha Longonot nchini Kenya, kilichofunguliwa mwaka 1970, kilitumia mawimbi marefu zaidi pamoja na dishi kubwa mno, na hivyo mvua haikukisumbua sana. Dishi la nyumbani, ambalo mara nyingi halifiki upana wa mita moja, halina akiba hiyo.

Kandokando ya Ziwa Victoria mvua hata saa zake zajulikana. Usiku upepo wa nchi kavu hukusanya dhoruba juu ya maji. Alasiri upepo wa ziwani hupanda milimani, na mvua ya radi hushuka Kericho na Kisii. Picha ikikatika huko alasiri baada ya alasiri, si ajabu. Tena dishi linaloielekea setilaiti ya nyuzi 7 mashariki hutazama magharibi kwa mshazari. Laweza kupoteza picha kabla tone la kwanza halijagonga bati, kwa kuwa mvua imekwisha kuziba njia ya mawimbi kilomita mbili au zaidi kutoka nyumbani.

Kufifia kunakozidi wiki hata wiki ndiko kunakomhitaji fundi: upepo umelisogeza dishi, tawi la mwembe limekua mbele yake, au maji yameingia katika kiungo cha waya.

Lililo zito zaidi ni wakati wenyewe. Masika ya mwaka 2024 yalileta mafuriko makubwa nchini Kenya, na tarehe 29 Aprili maji yaliua watu wengi Mai Mahiu, si mbali na Longonot. Mvua kubwa za namna hiyo ndizo zinazokata picha, saa ambayo habari za tahadhari zinahitajiwa kuliko wakati wowote. Mawimbi ya redio ya FM yana urefu wa mita tatu hivi, na yale ya masafa ya kati mamia ya mita, hivyo matone hayayadhuru. Lakini mtambo wa redio wa mikoani unaopokea matangazo kutoka makao makuu kwa setilaiti waweza kunyamaza pamoja na televisheni, isipokuwa kama umepewa dishi kubwa au njia ya pili ya kupokelea.