Kizimba cha samaki Sengerema hakitoshi kwa baraka za kijiji

ANAYETAKA kulima mahindi wilayani Sengerema huanza na shamba. Anayetaka kufuga sato katika vizimba Ziwa Victoria huanza na karatasi, na wapo wanaolitambua hilo wakiwa wamekwisha kununua nyavu na maboya.

Januari 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jijini Mwanza ugawaji wa boti na vizimba kwa mkopo usio na riba. Ufugaji huo, uliodhaniwa kuwa wa makampuni, ukawafikia wavuvi wadogo na vikundi vya vijana.

Mkanganyiko wa kwanza unahusu mwenye mamlaka. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, Halmashauri ya Kijiji inaweza kumgawia mtu ardhi baada ya Mkutano Mkuu wa Kijiji kuridhia. Lakini ziwa si ardhi ya kijiji. Muhtasari wenye mhuri wa mtendaji unaweza kumpatia mfugaji mahali pa kujenga ghala la chakula cha samaki. Haumpatii maji yaliyo mbele ya ghala hilo.

Hata ghala lenyewe lina mipaka yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa ziwa. Sheria hiyo ndiyo pia inayodai tathmini ya athari kwa mazingira kwa miradi inayoweza kuyadhuru. Anayechimba bwawa nchi kavu na kuchepusha maji ya mto anahitaji kibali cha kutumia maji, kwa Sheria ya Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Samaki wenyewe wako chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003.

Je, huu ni urasimu mtupu? Sehemu yake ndiyo, hasa kwa kikundi kinacholazimika kufuata ofisi moja baada ya nyingine. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limefupisha safari ya kwenda Mwanza. Mlolongo wa vibali haukufupishwa nalo.

Hata hivyo, swali la mahali pa kuweka kizimba ni la uhai na kifo. Ghuba iliyojikinga na mawimbi humvutia mfugaji kwa utulivu wake, lakini utulivu huohuo huzuia maji kubadilishana. Kinyesi na mabaki ya chakula hutuama chini, yakaoza na kula hewa ya oksijeni. Maji hayo ya chini yakipanda juu, samaki wa vizimbani hawana pa kukimbilia. Mwishoni mwa mwaka 2022, wafugaji wa upande wa Kisumu, Kenya, walishuhudia samaki wao wakifa kwa wingi.

Kuna pia wavuvi wa kawaida, ambao mfugaji huwakuta wakitega nyavu palepale anapopataka. Kwao kila kizimba kipya ni njia iliyofungwa.

Udhaifu mkubwa, kwa maoni yetu, ni kupima mradi mmoja mmoja. Mwombaji wa kwanza hana madhara makubwa, wa kumi vilevile, kila mmoja akitazamwa peke yake. Ghuba, nayo, hupokea uchafu wa wote kumi kwa pamoja. Kabla ya kibali kinachofuata kutolewa, wananchi wa mwambao wana haki ya kuuliza ghuba yao imepimwa kubeba vizimba vingapi.