RAMANI ZA KOMPYUTA: FAILI LIPI LITUMWE, LIPI LICHAPISHWE

Watumishi wa Serikali na wakaazi wanaotuma ramani za majengo na viwanja kwa njia ya kompyuta wanashauriwa kulikagua faili wanalolituma kabla ya kulitoa mkononi. Faili linalomfaa mhandisi si lazima limfae fundi aliyesimama kwenye msingi, na lile linaloonekana vizuri katika simu huenda lisifae kwa jambo jengine lolote isipokuwa kutazamwa.

Na ichukuliwe kwa mfano nyumba ya mkaazi wa Unguja inayojengwa Nyasubi, moja ya kata za mji wa Kahama katika Mkoa wa Shinyanga. Kahama ni mji uliokuzwa na biashara na dhahabu. Mgodi wa Bulyanhulu uko upande huo, na ule wa Buzwagi, ulioanza uzalishaji mwaka 2009 na kuusitisha mwaka 2021, ulikuwa jirani kabisa na mji. Si ajabu basi mtu wa Visiwani mwenye biashara zake huko akanunua kiwanja na kuamua kujenga. Mchoro hutayarishwa Unguja na msanifu anayeaminiwa na mwenye nyumba, kibali cha ujenzi huombwa katika Manispaa ya Kahama, na nakala ya fundi huchapishwa kwenye stesheneri iliyo karibu na kiwanja. Baina ya meza ya msanifu na mkono wa fundi pana bahari na karibu kilomita elfu moja za barabara, na kinachosafiri ni faili peke yake. Msanifu hayupo kusema kuwa hivi sivyo alivyochora.

Zamani tatizo hili halikuwapo kwa sura hii. Mchoro ulichorwa kwa wino juu ya karatasi inayopenyeza mwanga, ukalazwa juu ya karatasi yenye dawa, ukamulikwa, na nakala ikatoka kwa ukubwa ule ule wa asili. Aliyeipokea nakala hiyo aliipokea skeli pamoja nayo, apende asipende. Kompyuta imeondoa kazi nyingi ya mkono, lakini pia imeruhusu mchoro mmoja kuchapishwa kwa ukubwa wowote bila ya yeyote kuulizwa.

Programu inayotumiwa zaidi kwa michoro ya aina hii ni AutoCAD, iliyotolewa kwa mara ya kwanza na kampuni ya Autodesk ya Marekani mwaka 1982. Faili lake la asili huishia kwa herufi DWG. Ndani yake kila mstari umehifadhiwa kwa vipimo vyake kamili, na kila aina ya kazi imewekwa katika tabaka lake: kuta mahali pake, mabomba mahali pake, umeme mahali pake. Hilo ndilo faili la kufanyia kazi. Mhandisi anayetaka kuweka nguzo na nondo juu ya mchoro wa msanifu hawezi kufanya hivyo ipasavyo bila ya DWG, na kumpelekea picha ni kumlazimisha auchore mchoro upya, pamoja na makosa yatakayozaliwa humo.

Hata hivyo, DWG ina masharti yake. Muundo wake umebadilishwa mara kadhaa, ikiwemo mwaka 2004, 2007, 2010, 2013 na 2018, na programu ya zamani haifungui faili lililohifadhiwa kwa muundo mpya kuliko wake. Ofisi yenye programu mpya inapompelekea mtu asiyejulikana ana toleo gani, ni vyema ikahifadhi nakala kwa muundo wa nyuma, kama ule wa 2010 au 2007. Jengine ni kwamba faili la DWG aghalabu huegemea mafaili mengine: maandishi maalumu, picha, na michoro mengine iliyounganishwa nalo. Faili likisafiri peke yake, vitu hivyo hubaki katika kompyuta ya Unguja, na anayelifungua Kahama hukuta sehemu tupu au herufi zilizoharibika. Yote hayo yakusanywe na kufungwa katika furushi moja kabla ya kutumwa.

Kwa asiye na AutoCAD kuna DXF, muundo uliobuniwa na kampuni hiyo hiyo kwa ajili ya kubadilishana michoro na programu nyengine. Programu nyingi hulisoma faili hilo, zikiwemo za bure kama LibreCAD. Kuna pia mafaili ya PLT, yaliyokuwa yakitengenezwa kwa ajili ya mashine kubwa za kuchorea, na DWF iliyoletwa na Autodesk katika miaka ya 1990. Hayo mawili yasimshughulishe sana msomaji, kwani stesheneri nyingi hazitojua la kuyafanya.

Faili la kuchapisha ni PDF. Muundo huu ulitolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, na mwaka 2008 ukafanywa kuwa kiwango cha kimataifa, kwa hivyo hautegemei tena kampuni moja. Hubeba maandishi yake ndani yake, hufunguka katika kompyuta na simu karibu zote, na mchoro huonekana Nyasubi kama ulivyoonekana Unguja. Sharti ni kuwa PDF itolewe moja kwa moja kutoka katika programu ya kuchorea, isiwe picha iliyovishwa jina la PDF. Kuijua ni rahisi: mchoro ukuzwe mara nyingi katika kioo cha kompyuta. Mistari ikibaki mikali, hiyo ni PDF ya kweli. Ikigeuka vinukta vinukta, iliyomo ni picha.

Hapa pana jambo ambalo limewatia watu wengi hasara, nalo ni uchapishaji wenyewe. Tuseme msanifu amechora kwa skeli ya 1:100 juu ya karatasi ya A3, yenye upana wa milimita 297 na urefu wa milimita 420. Chumba cha mita 4 kitakuwa na urefu wa milimita 40 katika karatasi hiyo. Stesheneri ikiwa na mashine ya A4 tu, mchapishaji ataamuru mchoro upunguzwe ili uenee, na chumba kile kitatoka na milimita 28. Karatasi bado imeandikwa 1:100, ilhali skeli yake ya kweli imekuwa takriban 1:141. Fundi akiweka rula yake atasoma mita 2 na sentimita 80 badala ya mita 4, na kwa kuwa chumba cha ukubwa huo si kigeni kwake hatoshituka. Lau mchoro ungekuwa wa A1 ukatolewa kwa A4, upungufu ungekuwa mkubwa kiasi cha kuonekana mara moja. Kosa dogo ndilo linalopita.

Hata karatasi ikiwa ya ukubwa sahihi, mashine nyingi hupunguza ukurasa kidogo zenyewe ili zipate pambizo. Ukurasa ukichapishwa kwa asilimia 94, ukuta wa mita 4 utasomeka mita 3 na sentimita 76. Kwa hiyo mwenye kuchapisha aamuru wazi kwamba ukurasa utoke kwa asilimia 100, na msanifu achore chini ya kila ukurasa mstari wa kupimia wenye urefu unaojulikana, kwa mfano sentimita 10. Kabla ya kulipa, mteja auwekee mstari huo rula. Ukitoka pungufu, karatasi irudishwe pale pale.

Kadhalika, vipimo vyote muhimu viandikwe kwa tarakimu. Fundi afuate tarakimu zilizoandikwa, wala asipime karatasi kwa rula kutafuta kipimo kisichoandikwa, akikikosa, aulize. Hii ni kanuni ya kazi ya ujenzi iliyokuwepo kabla ya kompyuta, na inashangaza kuwa ndiyo inayosahauliwa upesi zaidi.

Tarakimu nazo zaweza kupotea, na njia yao kubwa ya kupotelea siku hizi ni WhatsApp. Si kwamba chombo hicho hakifai. Tatizo ni kuutuma mchoro kama picha. Picha inapotumwa kwa njia ya kawaida hubanwa ili iwe nyepesi. Mchoro wa A1 ukipunguzwa hadi kuwa na nukta 1,600 katika upande wake mrefu wa milimita 841, kila milimita ya karatasi hubakiwa na nukta mbili au chini yake. Herufi yenye kimo cha milimita 2 na nusu itachorwa kwa nukta zisizozidi tano, na macho hayawezi tena kutenganisha 0 na 6, wala 3 na 8. Pahala palipoandikwa Y16 pakisomwa Y10, fundi atafunga nondo ya milimita 10 badala ya 16. Wengi hudhani kuwa tofauti yake ni ndogo. Nondo ya milimita 16 ina eneo la mkato la milimita za mraba 201, na ile ya milimita 10 ina 78 na ushei. Boriti iliyohesabiwa kwa nondo ya kwanza ikijengwa kwa ya pili imepoteza zaidi ya nusu ya chuma chake, na baada ya zege kumwagwa hapana jicho litakaloliona hilo. Basi PDF itumwe katika WhatsApp kama waraka, isitumwe kama picha, nayo itafika kama ilivyo. Au itumwe kwa barua pepe, au ichukuliwe katika flashi.

Kwa ramani za viwanja pana tahadhari ya peke yake, hasa kwa watu wa Visiwani. Wapima ardhi hutumia namba za mfumo wa UTM, ulioigawa dunia katika kanda za digrii sita sita. Unguja na Pemba zimo katika kanda ya 37 Kusini, ilhali Kahama imo katika kanda ya 36 Kusini. Namba za kanda hizi mbili hufanana sura. Kiwanja cha Nyasubi huwa na namba ya mashariki iliyo karibu na 455,000, na mjini Unguja huwa karibu na 520,000, wala hakuna katika namba hizo kinachosema ni za kanda gani. Ofisi ya Unguja iliyozoea kanda yake ikilifungua faili la Nyasubi bila ya kuelezwa, kiwanja kitaangukia nchini Kenya, kusini ya Voi.

Hilo angalau huchekesha na kusahihishwa. Linalodhuru zaidi ni kuchanganya mfumo wa zamani wa Arc 1960, ambao ramani nyingi za Tanzania zilitengenezwa kwao, na mfumo wa WGS 84 unaotumiwa na simu na vipokezi vya setilaiti. Tofauti yake katika nchi yetu ni kiasi cha mita 300. Mtu anaweza kusimama na simu yake, akaamini amefika kwenye bikoni za kiwanja chake, na kumbe yumo katika shamba la mwenziwe. Faili la DXF au DWG la kiwanja kwa hivyo liandikwe ndani yake jina la mfumo, namba ya kanda na kizio cha kipimo. Kizio kisisahauliwe: mchoro wa inchi ukisomwa kuwa ni wa milimita hupungua mara 25.4.

Wapo wenye nyumba wanaolalamika kuwa msanifu amewanyima DWG ilhali wamemlipa. Malalamiko hayo yana upande wa haki na upande usio haki. Mwenye nyumba anastahili kupata PDF kamili, iliyotiwa saini na muhuri, ya kila ukurasa aliolipia. DWG ni kitu kinachoweza kubadilishwa na yeyote bila ya alama kubaki, na nyumba ikija kupata nyufa, jina lililo chini ya mchoro litabaki kuwa la msanifu wa kwanza. Suala hilo lizungumzwe na kuandikwa katika mkataba kabla ya kazi kuanza. Likingojwa mpaka mwisho huwa ugomvi. Ieleweke pia kuwa PDF nayo hubadilishwa na mwenye ujuzi, kwa hiyo panapotokea shaka, nakala iliyoidhinishwa na mamlaka inayotoa kibali ndiyo itakayorejewa.

Kwa ofisi za Serikali, mchoro uliokwisha kuidhinishwa uhifadhiwe kwa namna mbili: faili la asili la DWG, na pamoja nalo PDF/A, ambao ni muundo wa PDF uliowekewa kiwango mwaka 2005 kwa madhumuni ya kutunza kumbukumbu. Programu itakayoweza kufungua DWG ya leo baada ya miaka arubaini haijulikani, na jengo la skuli au hospitali huhitaji kutengenezwa hata baada ya hapo. Michoro ya zamani iliyo katika karatasi ipigwe skani kwa nukta 300 kwa inchi au zaidi, kwa ukubwa wake kamili, na karatasi yenyewe isitupwe.

Mwisho, kila faili lipewe tarehe na namba ya toleo katika jina lake na katika kona ya mchoro. Msanifu akibadilisha mlango au nguzo, atume ukurasa mzima uliotengenezwa upya, asitume ujumbe wa maneno kwenye simu. Na mwenye jengo, kabla ya kumkabidhi fundi karatasi mpya, aichukue ile ya zamani kutoka pale saiti na kuichana, kwani karatasi iliyobanwa ukutani kwa msumari ndiyo inayofuatwa na mafundi hata kama mpya imo mfukoni mwa msimamizi.